Sera iliyoanza miaka tofauti: mgawo mmoja wa regresheni hautoshi

Swali: Habari za kazi. Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu kanuni iliyoruhusu benki kutumia mawakala, nikitaka kujua kama imeongeza mikopo kwa biashara ndogo. Nina data za kampuni kama 4,000 katika mikoa 38, kuanzia 2008 hadi 2019. Mikoa 3 ilikuwa na mawakala kabla ya 2008. Mikoa 4 ilianza 2010, 9 ikaanza 2012, 11 mwaka 2014, 5 mwaka 2016, mmoja 2017, na 5 haijaanza mpaka mwisho wa data. Nimefanya regresheni ya logi ya (1 + mkopo) juu ya kigeu kinachoonyesha kama mkoa umeshaanza, nikaweka athari tuli za kampuni na za mwaka, pamoja na thamani ya mali na idadi ya wafanyakazi wa kampuni. Mgawo (ukubwa wa athari unaokadiriwa) ni 0.06, t (mgawo ukigawanywa kwa kosa lake sanifu) ni 3.9, na makosa sanifu (kipimo cha kutokuwa na uhakika) yamekokotolewa kwa klasta za kampuni, yaani kila kampuni ikichukuliwa kama kundi moja linalojitegemea. Mtahini anasema mgawo huo hauna tafsiri iliyo wazi na t hiyo haiaminiki. Je, nianze upya?

Jibu: Data zako zinatosha na swali lako ni zuri, kwa hiyo huanzi upya. Lakini mtahini yuko sahihi kwa yote mawili, na lipo la tatu ambalo hakulitaja: ile logi ya (1 + mkopo). Nitayachukua kwa zamu, na nitakaa zaidi kwenye mgawo kwa sababu ndipo watu wengi hupotea.

Regresheni yenye athari tuli za kampuni na za mwaka (yaani inayoondoa tofauti za kudumu kati ya kampuni na mabadiliko ya mwaka yanayowagusa wote) inaonekana kama inalinganisha mikoa iliyoanza na ile ambayo haijaanza. Sera ikianza siku moja kwa wote wanaohusika, ndivyo inavyofanya. Ikianza miaka tofauti, mambo hubadilika. Goodman-Bacon alionyesha mwaka 2021 kwamba mgawo huo ni wastani wenye uzito wa milinganisho mingi ya makundi mawili mawili: walioanza dhidi ya wasioanza kabisa, walioanza mapema dhidi ya watakaoanza baadaye, na walioanza baadaye dhidi ya waliokwisha kuanza. Mafungu mawili ya mwanzo hayana tatizo. La tatu linamfanya mtu aliyekwisha kuguswa na sera awe kipimo cha mwenzake, na hapo hesabu inaharibika.

Chukua mikoa miwili na miaka mitatu. Bila sera, mikopo ingebaki 10 kila mahali na kila mwaka. Mkoa A unaanza mwaka wa pili. Sera inaongeza 2 mwaka huo na 6 mwaka unaofuata, maana mawakala huchukua muda kuzoeleka. Mkoa B unaanza mwaka wa tatu na kupata ongezeko la 2. Kwa hiyo A ina 10, 12, 16, na B ina 10, 10, 12. Athari za kweli ni 2, 6 na 2, wastani wake 3.3. Sasa endesha regresheni yako ya kawaida juu ya namba hizi sita: mgawo unatoka 0. Hakuna kelele ya sampuli hapo wala kosa la kipimo. Sera imemfaidisha kila iliyemgusa, na regresheni inasema haikufanya kitu.

Sababu ni kwamba mgawo unapima athari ya A ya mwaka wa pili kwa uzito wa 1, ya A ya mwaka wa tatu kwa uzito wa −0.5, na ya B kwa uzito wa 0.5. Yaani 2 toa 3 jumlisha 1. Uzito hasi unatokana na B kulinganishwa na A kati ya mwaka wa pili na wa tatu: B imepanda 2, lakini A imepanda 4 kwa sababu athari yake bado inakua, na ukuaji huo unahesabiwa kana kwamba ni mwenendo wa kawaida ambao B imeukosa. De Chaisemartin na D'Haultfœuille waliliandika jambo hili la uzito hasi mwaka 2020. Weka athari isiyobadilika, 2 kila mara, na mgawo utatoka 2 sawasawa. Weka athari inayofifia, 2 kisha 0 kwa A, na mgawo utatoka 3, mkubwa kuliko athari yoyote iliyopo. Ndiyo maana siwezi kukuambia kama 0.06 yako ni ndogo mno au kubwa mno. Kwa mawakala wa benki ningetarajia athari inayokua, hivyo yaelekea umepunjwa, lakini hilo ni jambo la kupima.

Uwanja wako wenyewe umeshapitia hili. Baker, Larcker na Wang walirudia mwaka 2022 baadhi ya matokeo yaliyochapishwa ya fedha, yakiwemo yale maarufu kuhusu kulegezwa kwa masharti ya matawi ya benki katika majimbo ya Marekani na athari zake kwa usawa wa kipato. Kule majimbo yote yalikuwa yameshalegeza kabla data hazijaisha, kwa hiyo miaka ya mwisho haikuwa na kundi lolote safi la ulinganisho. Kwa mbinu mpya, zinazoepuka milinganisho ya fungu la tatu, matokeo hayakubaki na nguvu ile ile. Wewe una mikoa 5 isiyoanza kabisa, na hiyo ni hazina kubwa.

Kabla ya programu yoyote, ondoa mikoa 3 iliyoanza kabla ya 2008. Huna mwaka wao wa kabla, kwa hiyo hawawezi kukuambia lolote kuhusu athari; kazi yao pekee katika regresheni yako ya sasa ni kuwa kipimo kibovu cha wengine. Unabaki na mikoa 35. Kisha tengeneza wastani wa mkoa kwa mwaka, uhakikishe hakuna pengo, na uendeshe mgawanyo wa Goodman-Bacon juu yake (amri yake inahitaji paneli iliyokamilika, yaani kila mkoa uwe na data za kila mwaka, ndiyo maana nasema wastani wa mkoa na si kampuni). Angalia ni asilimia ngapi ya uzito imekaa kwenye fungu la tatu, na wastani wa fungu hilo uko wapi ukilinganisha na mengine. Fungu hilo likiwa na uzito mdogo na mafungu yote yakisema kitu kimoja, mgawo wako wa zamani hauko mbali sana na ukweli. Yakipishana sana, umeshapata jibu la mtahini katika mchoro mmoja.

Kwa makadirio yenyewe, kwa data kama zako ningetumia mbinu ya Callaway na Sant'Anna ya 2021. Inakokotoa athari ya kila kundi la mwaka wa kuanza, kwa kila mwaka, ikilinganisha na mwaka wa mwisho kabla ya kundi hilo kuanza, ambao ndio mwaka wa msingi. Kisha wewe ndiye unayeamua namna ya kuzijumlisha. Zipo pia za Sun na Abraham (2021) na ya Borusyak, Jaravel na Spiess (2024) inayokadiria kwanza hali bila sera kwa kutumia data za wasioguswa pekee. Hii ya mwisho huwa na makosa sanifu madogo zaidi pale mwelekeo sambamba (sharti kwamba bila sera makundi yote yangesogea pamoja) unaposhika kwa miaka yote ya kabla, kwa sababu inaitumia yote. Chagua moja iwe kuu, sema kwa nini, nyingine iweke kwenye kiambatisho. Kuendesha tano na kuchagua iliyopendeza ni udanganyifu, hata kama kila moja peke yake ni halali.

Kuna mitego ya kimashine ambayo imewagharimu watu wiki nzima. Mikoa isiyoanza kabisa inaandikwa tofauti kila mahali: katika did ya R na csdid ya Stata (vifurushi vya programu hizo mbili za takwimu), mwaka wao wa kuanza ni 0, katika did_imputation ya Stata ni nafasi tupu, katika sunab ya fixest (kifurushi kingine cha R) hupewa mwaka ulio nje kabisa ya data, kwa mfano 10000. Ukiacha nafasi tupu kwa csdid, mikoa yako 5 itaachwa nje kimyakimya, na utaambiwa tu kwamba idadi ya safu imepungua. Soma namba hiyo kila mara. Mtego wa pili: did ya R, usipoielekeza, hutumia msingi unaohama kwa miaka ya kabla ya sera, yaani kila nukta kwenye mchoro wa athari kwa miaka ya kabla na baada ya sera ni badiliko kutoka mwaka uliotangulia. Mchoro wake hausomwi kama ule uliozoea ambao nukta zote zinapimwa kutoka mwaka mmoja wa msingi. Weka base_period iwe "universal", au long2 ukiwa kwenye csdid. Nimeona mabishano marefu kuhusu mwelekeo wa kabla ambayo yalikuwa ni tofauti ya mpangilio huo tu.

Sasa hesabu ya makundi yako. Kundi la 2017 lina mkoa mmoja. Makosa sanifu ya mkoa mmoja hayana maana. Utumie kama mlinganisho hadi 2016, kisha data zake za 2017 na kuendelea uziache. Kundi la 2010 lina miaka miwili tu ya kabla, na mmoja kati yake ni msingi, hivyo linakupa nukta moja pekee ya kupimia mwelekeo. Ukichora mchoro mpana, nukta ya mwaka wa tisa baada ya sera itatoka kwenye mikoa 4 ya 2010 peke yake, na msomaji atadhani athari "imepanda" kumbe ni kundi jingine linaloongea. Dirisha linalokufaa ni kutoka miaka 4 kabla hadi miaka 3 baada: makundi ya 2012, 2014 na 2016 yote yanalijaza, jumla mikoa 25. Fanya hilo liwe jedwali lako kuu, na mchoro mpana uweke nyuma.

Kundi la ulinganisho: tumia wasioanza kabisa pamoja na wasioanza bado. Kwa kundi la 2012, mwaka 2015 bado una mikoa 11 ya kulinganisha: 5 isiyoanza, 5 ya 2016 na mmoja wa 2017. Lakini kuanzia 2017 wote wameshaanza isipokuwa wale 5, na kila nukta ya miaka hiyo inasimama juu yao tu. Kwa hiyo chunguza ni mikoa gani hiyo. Kama ni ya migodi, au ya mpakani, au ilikuwa na mtikisiko wake wa kiuchumi mwaka 2018, makadirio yako ya mwisho yanabeba mtikisiko huo. Rudia hesabu ukiondoa mmoja mmoja kati yao, mara tano, na uonyeshe matokeo.

Kuhusu mwelekeo sambamba, usipime tofauti za miaka ya kabla kisha uandike "p ni 0.32, hivyo sharti limetimia." Roth alionyesha mwaka 2022 kwamba vipimo vya aina hiyo mara nyingi havina nguvu ya kugundua mteremko ambao ungetosha kupotosha matokeo, na kwamba kuendelea tu pale kipimo kinapopita kunaweza kuzidisha upotoshaji. Njia iliyo bora ni ya Rambachan na Roth (2023), inayopatikana kwa jina HonestDiD. Unauliza: kama baada ya sera mwelekeo ungepotoka kwa kiasi kisichozidi upotokaji mkubwa kabisa ulioonekana kabla, je, matokeo yanabaki? Hiyo ni thamani ya 1. Anzia 0, upande kwa robo robo hadi muda wa uaminifu (masafa ya athari ambazo data haziwezi kuzikataa) uguse sifuri, na uandike thamani hiyo. Matokeo yanayovunjika kwenye 0.25 ni dhaifu. Yanayofika 1 au zaidi yanasimama vizuri. Angalia pia kama kanuni ilitangazwa mwaka mmoja kabla ya kuanza. Benki zikijua, huanza kujipanga, na mwaka wa msingi unakuwa umeshachafuka; sogeza msingi nyuma kwa mwaka mmoja. Kundi la 2010 litabaki bila kipimo chochote cha mwelekeo, na hilo ulieleze.

Tuje kwenye t ya 3.9. Una kampuni 4,000, lakini sera haikubadilika kwa kampuni. Ilibadilika kwa mkoa. Kampuni za mkoa mmoja hupata mvua ile ile, bei zile zile na meneja yule yule wa benki. Kuuliza watu mia wa nyumba moja kama mvua imenyesha kwao hakukupi mashahidi mia. Klasta iwe mkoa. Bertrand, Duflo na Mullainathan walijaribu mwaka 2004 kubuni sheria zisizokuwepo katika data za mishahara za majimbo ya Marekani. Makosa sanifu ya kawaida yaliziona "zina athari" kwa asilimia 45 ya majaribio, wakati kipimo kilipaswa kukosea asilimia 5. Wewe unaweza kufanya vivyo hivyo kwa data zako: gawa miaka ya kuanza kwa mikoa bila mpangilio, rudia mara 1,000, uone 0.06 inakaa wapi kwenye mtawanyiko huo. Ni saa chache za kompyuta, na ni ushahidi ambao hata asiyejua takwimu anaushika.

Klasta 35 ni chache kiasi. Linganisha t na jedwali la digrii za uhuru 34 (idadi ya klasta toa moja), ambako kikomo cha asilimia 5 ni 2.03 badala ya 1.96, na uongeze butistrapu ya klasta ya aina ya wild (kukokotoa upya mara nyingi huku masalio ya kila klasta yakigeuzwa kwa nasibu): boottest kwenye Stata, fwildclusterboot kwenye R, marudio 9,999. Tahadhari moja: butistrapu hiyo nayo hukosea pale kundi la upande mmoja likiwa na klasta chache sana, na milinganisho yako ya baada ya 2017 ina 5 tu upande wa kipimo. Hapo ule ugawaji wa bila mpangilio ndio wa kutegemea zaidi. Ukitumia did, kumbuka kutaja mkoa kwenye clustervars, kuweka mbegu ya nasibu ili namba zisibadilike kila unapoendesha, na kwamba mikanda inayochora yenyewe inafunika nukta zote kwa pamoja, hivyo ni mipana kuliko uliyozoea.

Sasa logi ya (1 + mkopo). Kampuni nyingi ndogo hazina mkopo kabisa katika miaka mingi, ndiyo maana uliongeza 1. Tatizo ni kwamba jibu linategemea kipimo cha fedha. Badilisha mkopo kutoka sarafu moja moja kwenda maelfu, uendeshe tena: mgawo utabadilika, ilhali uchumi haujabadilika. Chen na Roth (2024) walithibitisha kwamba pale sera inapowavuta watu kutoka sifuri, unaweza kupata ukubwa wowote wa athari kwa kuchagua kipimo tu. Kwa hiyo 0.06 haiwezi kusomwa kama asilimia 6. Gawa swali: kwanza, je, kampuni ina mkopo wowote mwaka huo, ndiyo au hapana, pili, mkopo gawanya kwa mali ya kampuni ya mwaka 2008. Kwa jedwali la tatu tumia jumla ya mikopo ya biashara ndogo kwa mkoa, ambayo bila shaka haiwi sifuri, na hapo logi ya kawaida ni halali: 0.06 itakuwa asilimia 6.2. Ila kumbuka swali limebadilika kidogo. Data za kampuni zinapima athari kwa kampuni ya wastani, na mkoa wenye kampuni 900 unatawala. Data za mkoa zinampa kila mmoja kura moja.

Vigeu vya mali na wafanyakazi vitoe. Sera ikifanya kazi, kampuni inakopa, inanunua mashine, inaajiri. Ukivishikilia, unafuta sehemu ya athari unayoitafuta. Vinavyoruhusiwa ni vya 2008, kabla ya yote, na katika Callaway na Sant'Anna vinaingia kama sifa za mwanzo za kulinganishia. Kampuni zilizoanzishwa baada ya 2008 hazina thamani hizo, na zikiachwa sampuli inabadilika. Ripoti hesabu ya kampuni zilizopo mwanzo mwisho kando ya hesabu ya zote. Thamani zilizokithiri zibane kwenye asilimia 1 na 99 kwa sampuli nzima, kamwe si kwa kila kundi peke yake.

Katika sura ya matokeo, acha regresheni yako ya zamani ibaki kama safu ya kwanza, ikiwa na klasta za mkoa. Safu ya pili iwe hiyo hiyo bila mikoa 3 ya mwanzo, ya tatu iwe makadirio mapya. Mtahini ataona kwa jicho moja badiliko lipi lilitokana na nini. Na kama muda wa uaminifu wa mwisho utatoka, tuseme, asilimia −1 hadi 9, uandike hivyo hivyo: data haziwezi kutenga kutokuwa na athari kabisa na ongezeko la asilimia 9. Usiandike kwamba sera "haina athari". Muda huo hausemi hivyo.